Dada Yako Atalia

Wete, 3 Disemba 2023

Kwa Dada Mwanamize, Konde.

Assalamu alaykum Dada. Mie Jecha. Siandiki mie, anaandika Ahmada, mie nasema. Kanambia nisiseme mbiombio.

Mie mzima. Mama mzima? Mwambie nimekula. Hapa wanapaita Chuo. Nilijua nimerudishwa chuoni kusoma Kurani, nikamwuliza askari, maalimu yuko wapi? Akacheka. Akasema hiki ni Chuo cha Mafunzo, hakina juzuu wala bakora. Asubuhi tunafagia. Mie nafagia vizuri. Wengine wanaacha majani pembeni, nikiwaambia wananuna.

Nataka kurudi. Yule askari wa kule kituoni, mwenye pete, alisema nikisema ndiyo nitarudi nyumbani. Nikasema ndiyo. Akauliza tena, nikasema ndiyo tena. Akanambia nitie kidole kwenye wino, nikatia. Halafu wakanipakia kwenye gari, ikaja huku. Dada, ile gari ilikosea njia. Mwambie Ishak aje na gari yake. Yeye anaijua njia ya Konde.

Mzee Masoud mmeshamzika? Mie sikwenda mazikoni. Niombeeni radhi.

Mdogo wako,
Jecha Nyange

*Bi Mwanamize, shikamoo. Hapa nasema mimi mwandishi. Jina langu Ahmada Himid, mtu wa Kisiwa Panza, niko rumande kwa kesi ya mashine ya boti ambayo si ya kuisimulia. Mdogo wako analala mkeka wa pili kutoka wangu. Namwandikia neno kwa neno, sipunguzi wala siongezi. Lakini kuna jambo linanisumbua. Huyu hajui kwamba ameshitakiwa kwa kuua. Nimwambie, au nimwache na chuo chake?*

&nbsp;

Konde, 10 Disemba 2023

Mdogo wangu Jecha,

Wa alaykum salaam. Barua yako ameileta Ishak mwenyewe, nikamsomea Mama akiwa amelala, akatabasamu kwa ule upande wa mdomo unaotabasamu. Kasema umekonda. Nikamwambia barua haioneshi unene, akasema yeye anaona.

Ishak hawezi kuja kukuchukua, Jecha. Si suala la njia. Kwanza mpaka wakubwa waseme. Weye fagia, kula, usigombane na watu. Mzee Masoud tumemzika, na radhi nimekuombea.

Shemeji yako Bakari atakuja Ijumaa, atakuletea mkate wa boflo na samaki wa kukaanga. Mie siwezi kumwacha Mama.

Dada yako,
Mwanamize

Kwako Ndugu Ahmada,

Nashukuru kwa mkono wako. Mwambie kidogo kidogo. Mie nilishindwa.

Nikueleze, maana unalala naye chumba kimoja na una haki ya kujua. Mzee Masoud alikuwa jirani yetu wa shamba. Siku ile ya mvua kubwa, watu waliotoka kusali Alasiri walimkuta kalala uwanjani pake anapoanikia karafuu, kichwa kimepasuka, kakata roho. Jecha kakaa ubavuni mwake, kifua wazi, shati lake lina damu, na gunia la karafuu za Mzee liko kando. Wakamwuliza, ni weye? Akasema ndiyo. Sheha akamwuliza, akasema ndiyo. Kituoni pia ndiyo. Basi mji mzima ukalala na jibu.

Mie nimemlea. Alichelewa kutembea, akachelewa kusema, chuoni maalimu alichoka naye, skuli hawakumtaka. Sasa ni mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, anabeba mizigo sokoni, na watu wanampenda kwa sababu hachagui mzigo. Sikwambii ni malaika. Akikasirika hutupa vitu. Aliwahi kuvunja kioo cha duka kwa sababu mwenye duka alimwita taahira. Kwa hiyo nami usiku nikilala hujiuliza. Halafu najichukia kwa kujiuliza.

Mama kapooza upande mmoja, hageuki bila ya mkono wangu. Mume wangu kajitolea kwenda huko kila Ijumaa. Si wanaume wengi watakaopanda gari mpaka Wete kwa ajili ya ndugu wa mke. Mungu amlipe.

Mwanamize Nyange

&nbsp;

Wete, 2 Januari 2024

Kwa Dada.

Mie mzima. Shemeji kaja. Kaja tena. Boflo nimekula, samaki Ahmada kala kichwa maana mie sipendi macho. Shemeji ananishika mkono anauliza, umesema kitu? Namwambia sijasema. Ananiambia weye mwanamme. Nafurahi.

Ahmada kanambia kwa nini niko hapa. Sikumwamini. Nikamwuliza na askari. Basi nikakaa.

Mwambie Mama asiniwekee chakula, kitaoza.

Jecha

&nbsp;

Wete, 14 Januari 2024

Bi Mwanamize,

Barua hii haikupita kwa askari wa mlangoni, kaibeba mtu aliyeachiwa leo. Nayo siyo ya Jecha, ni yangu. Nisamehe ikikuudhi. Nimekaa nayo muda mrefu kifuani na nimechoka kuibeba.

Mdogo wako husema ndiyo kwa kila kitu. Mwanzo nilidhani anakubali. Siku moja, kwa mchezo tu, nikamwuliza, "Jecha, weye ndiye uliyeijenga bandari ya Mkoani?" Akasema ndiyo. "Weye ndiye uliyemzaa babu yangu?" Ndiyo. Tukacheka sote humu, na yeye akacheka zaidi yetu. Kisha kicheko kikanikwama. Nikafahamu kwamba huyu mtu akiulizwa na mwenye sauti kubwa hutoa ndiyo kama mtu anayempisha mwenzake njia. Haina maana nyingine.

Basi nikaanza kumwuliza siku ile ya mvua. Ulikwenda mwenyewe? Ndiyo. Ulikwenda na watu kumi? Ndiyo. Ulikwenda na Ishak? Ndiyo. Nikataja kila jina ninalolijua kutoka katika barua zako, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nikauliza, "Ulikwenda na shemeji yako Bakari?"

Akasema hapana.

Bi Mwanamize, nimelala chumba kimoja na Jecha tangu aletwe, na hiyo ndiyo hapana ya kwanza kuisikia kinywani mwake. Nikamwuliza tena kwa upole. Akaziba masikio, akawa anasema, "Dada atalia. Dada atalia mpaka afe." Akaenda kukaa kwenye kona, na hakula siku ile.

Sijui maana yake. Mie si askari wala wakili. Lakini nisingekwambia ningekuwa nimekuficha.

Ahmada Himid

&nbsp;

Konde, 20 Januari 2024

Ndugu Ahmada,

Barua yako nimeisoma nikaichana.

Mume wangu ndiye anayemlisha mdogo wangu huko mliko. Mama yangu anapogeuzwa kitandani, mkono wa pili ni wa mume wangu. Weye uliyewekwa ndani kwa mashine ya watu usinitafutie mwizi nyumbani kwangu. Mwandikie Jecha salamu zake, mengine tuachie wenyewe.

Mwanamize

&nbsp;

Wete, 18 Februari 2024

Kwa Dada.

Hujaandika. Umeudhika? Mie nilifanya nini?

Shemeji anasema Mama kalala. Kila nikimwuliza, Mama kalala. Mbona analala kila siku? Mwamshe umwambie nimeuliza.

Nimempiga mtu. Aliniita muuaji, nikampiga hapa puani, damu ikatoka, nikaogopa. Askari kaninyima kufagia. Mie sikuua mtu. Mzee Masoud alianguka. Ahmada anauliza nani kamwangusha. Sisemi. Hata Ahmada simwambii, na yeye ni rafiki yangu.

Shemeji anasema nitapelekwa Unguja, kuna hospitali, nitalala kitandani, nitakula bure. Kaja daktari kaniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo. Lakini siumwi. Dada, mie siumwi. Nataka kuja nyumbani.

Jecha

&nbsp;

Konde, 1 Machi 2024

Ndugu Ahmada,

Assalamu alaykum. Nakuomba radhi kwa barua iliyopita. Sikuiandika kwa akili, niliiandika kwa woga.

Mama amefariki. Alikwenda mwisho wa Januari, mchana, wakati namlisha uji. Kijiko kilikuwa kinywani. Tumemzika na hatukumwambia Jecha. Bakari alisema asiambiwe, atafanya fujo huko, atapigwa. Nikaona ni rehema. Sasa naona ni rehema za aina ileile tu zinazozunguka nyumba hii: huyu asiambiwe asilie, yule asiambiwe asife.

Baada ya matanga alikuja wakili, Bi Zulekha, wa msaada wa kisheria. Ni binti mdogo lakini ana macho ya mtu aliyelala kidogo, kama mimi. Akasema iko njia: daktari aandike kwamba Jecha hana akili timamu, kesi isimame, apelekwe hospitali. Nikamwuliza, mpaka lini? Akasema, "Bi Mwanamize, sitaki kukudanganya. Wengine huzeekea huko. Na jina la muuaji litabaki juu yake."

Bakari akadakia, akasema hilo ndilo jambo jema, atalishwa, atatunzwa, na sote tutapumua. Na mie, Ahmada, nilitaka kupumua. Nimelea mtoto ambaye hakukua, nikalea mama aliyerudi utotoni, na sasa kitanda kitupu. Nilikaribia kusema sawa. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Lakini Bakari alisema, "Tia sahihi, mke wangu, tia." Alisema kwa haraka. Bakari si mtu wa haraka. Nikamtazama, likanijia jambo ambalo sikulitafuta. Siku ile ya mvua nilimkuta uani anafua shati lake. Tumeoana miaka mingi, sijawahi kumwona na sabuni mkononi. Nikamwambia lete nifue, akasema hapana, weye una mgonjwa. Nikamwona mwema. Wallahi nilimwona mwema.

Nikamwambia wakili aache nifikiri.

Kesho yake nikamwuliza. Alikuwa amekaa kizingitini, mie nachambua mchele. Nikasema, "Bakari, siku aliyokufa Mzee Masoud ulikuwa wapi?"

Akasema, "Nimekwambia, Tumbe, kwa fundi wa baiskeli."

"Baiskeli ilikuwa hapa."

 Nikaendelea kuchambua, maana mikono ingetulia ningepiga kelele. Kisha akasema, bila ya kunitazama, "Alinikamata shati. Nilimsukuma aniachie tu. Kichwa kikapiga pembe ya baraza. Sikukusudia, Mwanamize, naapa."

"Na karafuu?"

"Karafuu ni karafuu."

"Na Jecha?"

Akasema, nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema: "Yule hata akifungwa hajui kama kafungwa. Mie n'na Mardhiya, mtoto wa kike wa kumwoza."

 Nilisimama nikauweka mchele motoni.

Asubuhi akayakana yote. Akasema hakusema kitu, nimeota, msiba umenipanda kichwani. Akasema, "Nenda kaseme. Nani atamwamini mke anayemtetea ndugu yake?" Nikaenda kwa Bi Zulekha hivyohivyo. Aliniamini. Lakini kasema neno langu peke yake ni jepesi, kwa kuwa kule kituoni kuna karatasi ya kukiri yenye kidole cha Jecha. Lazima Jecha mwenyewe aseme kilichotokea, tena aseme bila ya kutiwa maneno mdomoni. Na Jecha hatasema, kwa sababu ameahidi, na weye unajua ameahidi nini. Ulinambia na mie nikaichana barua yako.

Jecha akikamata neno halimtoki. Kaambiwa nitalia mpaka nife. Basi nimeona njia moja tu. Barua iliyo pamoja na hii msomee taratibu. Ukiona anapumua kwa nguvu, simama, mshike bega la kushoto, hupenda la kushoto. Kisha endelea mpaka mwisho. Usiache katikati.

Mwanamize

&nbsp;

Konde, 1 Machi 2024

Mdogo wangu Jecha,

Kaa chini. Mwambie Ahmada akae karibu yako.

Mama hajalala. Mama amekufa. Alikufa nyumbani, mikononi mwangu, hakuumia. Tumemzika karibu na Baba. Nilikuficha, na shemeji alikuficha, na tumekosea. Kasirika. Una haki.

Sasa nisikilize. Mama alipokufa nililia. Nililia nikimwosha, nikalia wageni wakija na wakiondoka, nikalia nikikuna nazi. Kichwa kiliuma. Macho yalivimba mpaka Mardhiya akanicheka, akasema nimekuwa kama chura. Halafu nikasikia njaa, nikala muhogo. Nikalala. Asubuhi nikaamka, nikalia tena, nikafua nguo. Mpaka leo, nikikuandikia, nalia, na mkono unaandika.

Mtu hafi kwa kulia, Jecha. Aliyekwambia nitalia hakusema uongo, nitalia. Aliyekwambia nitakufa ndiye aliyesema uongo. Nimelia kwa Mama, na Mama ni mkubwa kuliko mtu yeyote, na bado nipo.

Atakuja Bi Zulekha na bwana mmoja wa ustawi wa jamii. Wakikuuliza nini kilitokea siku ya mvua, waambie. Si ndiyo, wala si hapana. Waambie ulichokiona. Lolote lile, hata kama ni la mtu wa nyumbani. Mie nitalia, nitakula, nitalala, nitaamka.

Dada yako,
Mwanamize

&nbsp;

Wete, 13 Machi 2024

Kwa Dada.

Mama kafa hukunambia. Nimekasirika sana. Nimeitupa barua yako, nimemtupia Ahmada kiatu. Sikula. Halafu ilikuwa Ramadhani, hakuna anayekula, basi hawakujua kama nimekasirika.

Nimelia. Nililia sana. Ahmada kanishika bega. Asubuhi nilikuwepo.

Basi nimewaambia. Shemeji alisema twende, kuna gunia la karafuu, weye una nguvu. Mie nikabeba. Mzee Masoud akaja akasema, Bakari, weye? Akamshika shati. Shemeji akamsukuma, akaanguka. Shemeji akasema kaa hapo hapo usiondoke, na usinitaje, ukinitaja dada yako atalia mpaka afe. Akakimbia. Mvua ikaja. Mie nikakaa, kwa sababu kasema nikae.

Hayo ndiyo niliyowaambia. Bwana aliandika, Bi Zulekha hakuandika, alikuwa anajipangusa macho. Nikamwambia hutakufa.

Umelia, Dada? Ukilia kunywa maji. Lakini usubiri magharibi.

Jecha

*Bi Mwanamize, nilikuwepo pembeni, nilipewa ruhusa ili atulie. Wakili hakumwuliza "ni weye?" hata mara moja. Alimwuliza, "Nini kilitokea?" akanyamaza. Kimya kikawa kirefu mpaka nikaona ameshindwa. Kisha Jecha akaanza mwenyewe, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na bwana yule alipomrudisha nyuma ili kumjaribu, alieleza vilevile. Bwana akamwambia, "Kwa hiyo Bakari alikuwa na panga?" Jecha akasema, "Hapana. Alikuwa na kofia." Nimeona nikuandikie hilo. A.H.*

&nbsp;

Wete, 4 Mei 2024

Bi Mwanamize,

Natumai Jecha amefika salama na hamjambo nyote. Alipotoka, kesi yake ilipofutwa, alinipa mkono mara nyingi, akaenda mlangoni, akarudi, akanipa tena, mpaka askari akamwambia basi.

Nilitaka nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Wiki ileile walimleta mume wako. Walimkamata Wambaa, kwa kaka yake. Chumba kimejaa, nafasi iliyokuwa wazi ni ile ya Jecha, basi hapo ndipo analala. Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi. Usiku hujifunika uso. Jana kaniuliza kama najua Mardhiya anamwulizia. Nikamwambia sijui. 

Kesi yangu mimi imeahirishwa tena. Naanza kusahau mashine yenyewe ilikuwa ya rangi gani.

Ahmada Himid

&nbsp;

Konde, 23 Juni 2024

Ndugu yangu Ahmada,

Assalamu alaykum. Nimechelewa kujibu. Siyo kwamba nina kazi nyingi. Sasa kazi ni chache, na ndiyo maana sikuweza. Ukiwa na mgonjwa na mfungwa unasimama kwa sababu huna pa kuangukia. Walipoondoka wote nikaanguka. Nilikuwa nakaa jikoni mpaka chungu kinaungua mbele yangu.

Nikueleze ya huku. Jecha karudi sokoni. Wengine wanampa mizigo, wengine wanamwita kisha wanaghairi wakiona watu wanatazama. Karatasi imemwachia lakini midomo bado. Ndugu wa Bakari hawanijibu salamu. Wanasema mwanamke aliyemfunga mumewe kwa ajili ya taahira. Mardhiya kaenda kwa bibi yake Wambaa. Siku anaondoka alinambia, "Mama, ulikuwa na wawili, ukachagua." Nikamwambia sikuchagua mtu, nilichagua kilichotokea. Hakusikia, alishapanda gari. Kila Jumapili nampigia simu. Anapokea, hasemi, lakini hakati. Nasikia anavyopumua, namweleza tumepika nini.

Kuna jambo moja linaninyima usingizi. Bakari alimwambia Jecha kaa hapo hapo. Angemwambia kimbia kaite watu, Jecha angekimbia. Mzee Masoud alikuwa bado hai, Ahmada. Mie nilidhani alikufa palepale, sote tulidhani, mpaka juzi.

Juzi, baada ya sikukuu, mke wa Mzee Masoud alikuja hapa, Bi Saada. Hajatia mguu kwetu tangu msiba. Nilimwona anakuja kwa njia ya migomba, peke yake, na buibui lake limeshika vumbi, nikasema leo ndiyo siku yangu ya kutukanwa, na atukane, ana haki. Nikatandika mkeka. Hakukaa. Akasema, "Nimekuja kwa Jecha."

Jecha alikuwa uani, anatengeneza kamba ya mzigo. Akamwamkia. Bi Saada akakaa chini kabisa, kwenye mchanga, mtu mzima yule, akamwambia, "Mwanangu, weye ndiye uliyekuwa na mume wangu. Watu wote wamekuuliza nani alimsukuma. Mie hilo nimeshalijua. Nataka unambie yeye alikuwaje. Baada ya hapo."

Jecha akanitazama. Nikamwambia, sema.

Akasema, "Alikuwa hajafa. Alikuwa amelala tu, macho wazi. Akasema baridi. Nikavua shati nikamfunika, na kichwa nikakiweka juu ya mguu wangu, kilikuwa kinatoka damu. Mvua ilikuwa inampiga usoni nikainama hivi." Akaonesha alivyoinama. "Akaninong'oneza. Akasema, Saada, funga mlango, mvua inaingia. Mie si Saada. Lakini nilimwambia ndiyo, nimeshafunga. Akasema umefunga? Nikasema ndiyo. Akasema haya. Akafumba macho, akalala."

Bi Saada hakupiga kelele. Alikaa, mkono kifuani. Mie nilikuwa nimeshika nguzo ya ua. Nilifikiria ndiyo zote alizowahi kuzitoa Jecha, jinsi zilivyotuponza, na moja ile iliyomlaza Mzee wa watu kama mtu aliye nyumbani kwake.

Nikasema, "Bi Saada, tusamehe."  Sijui kama alinisikia. Alijisogeza karibu na Jecha, akaiondoa ile kamba mikononi mwake, akaiweka chini.

"Hebu nisimulie tena," akamwambia. "Pale alipotaja jina langu."

Akamsimulia tena. Nami nikaingia ndani kuwachemshia chai.

Wako katika kheri,
Mwanamize Nyange